Siku Nilipozimisha Boila ya Nyumba Kumi na Mbili

Mkasa huu nimeuficha miaka kadhaa, na hata leo nikiusimulia masikio yananiwaka moto, kwa hiyo mkicheka chekeni polepole, maana yule mama aliyemo ndani yake ni mkwe wangu, na kwetu Vihiga mkwe si mtu wa mchezo. Mwanamume hata mkono hampi mama mkwe wake, sembuse kumsikia akimwita kutoka bafuni.

Tulikuwa tumenunua nyumba yetu ya kwanza huko Seven Hills, mtaa wa Sydney, Australia, mimi na mke wangu Rispa (mimi ni nesi, yeye anatunza wazee), nyumba mpya kabisa, moja kati ya kumi na mbili zilizozunguka ua mmoja. Wajenzi walikuwa wameweka boila moja kubwa, mtambo wa kupasha maji, kwenye kibanda nyuma ya ua, na kutoka hapo mabomba yalipita chini ya ardhi yakaingia kila nyumba kuleta joto la vyumbani wakati wa baridi na maji ya moto ya kuogea saa yoyote unayotaka. Ila kwa haya maji ya kuogea mnunuzi alipewa nafasi ya kuchagua: ama uunganishwe na boila kama wenzako, ama uwekewe tangi lako mwenyewe la stima, lile linalopasha maji usiku tu, wakati stima iko rahisi, na ukiyamaliza mchana unangoja kesho.

Siku ya kuchagua Rispa alikuwa kazini, akaniambia kwa simu, "Baba Neema, chukua ya boila, usianze mambo yako." Sasa mimi nimekulia nyumba za kupanga Nairobi, ambako tangi la maji lilikuwa moja kwa ploti nzima, na ukijidai kuamka mapema unakuta kuna aliyeamka kabla yako akalikausha, basi kitu cha kushirikiana na majirani kumi na mmoja nilikiogopa kama ukoma. Nikamwambia dada wa ofisi ya wajenzi aniwekee tangi langu. Akaniuliza tuko wangapi, nikasema watatu, sisi wawili na mtoto wetu Neema. "Na wageni?" (Alijua yule dada! Bila shaka alishawauzia Waafrika wengine.) Nikasema wageni hawatusumbui, nikatia sahihi tangi dogo kuliko yote, na nyumbani nikamwambia Rispa nimechagua ile nzuri. Ipi, sikutaja. Alipoliona tangi kwenye chumba cha kufulia nikamweleza, bila hata kupepesa macho, kwamba humo ndimo maji ya boila yanamopumzikia.

Miezi mitatu tukaoga raha mustarehe, watu watatu, hakuna aliyeuliza. Halafu ikafika Julai, ambayo Sydney ndiyo baridi yenyewe, na mama yake Rispa akaja kututembelea.

Huyu mama alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, mama mrefu, mnyamavu, anayekutazama kama daftari lenye makosa. Alifika Jumamosi asubuhi, na watu wa kanisani tulikuwa tumewaalika mchana waje wampokee na kuibariki nyumba. Rispa akafua mashuka, akasugua sufuria zote alizoazima, akamwogesha Neema, akaoga na yeye, kisha wakaingia garini wote wawili kwenda Blacktown kuchukua chapati alizoagiza kwa mama mmoja, wakaniacha na pilau jikoni na mama mkwe akielekea kuoga uchovu wa ndege. (Mimi na mkwe, peke yetu, nyumba moja! Nilisimama nimeikodolea macho ile pilau kama askari wa benki.)

Nikasikia shawa imefunguliwa. Nikasikia na wimbo wa kanisani, ubeti mmoja. Halafu nikasikia ukelele.

"Baba Neema! Maji yamegeuka barafu! Nina sabuni mpaka machoni!"

Jamani, hapo ndipo ningesema, Mama, nisamehe, tangi ni dogo na mimi ndiye niliyelichagua. Yangeishia hapo. Lakini niliona jinsi atakavyomwambia Rispa, na jinsi Rispa atakavyoniangalia, mdomo ukafunguka wenyewe: "Pole sana, Mama! Ni boila ya mtaa mzima, imeharibika!"

Jiko lilikuwa limejaa sufuria za chakula, hakuna pa kuteleka maji, kwa hiyo nikachemsha birika la stima, nikaliweka nje ya mlango wa bafu, nikabisha, nikatimua mbio ili asinikute pale. Mlango ukalia, kisha nikasikia: "Birika moja, Baba Neema? Hili nioge mkono gani?"

Nilikuwa nachemsha la pili wageni walipobisha hodi, tena mapema, Mchungaji wetu akiwa mbele na kina mama wanne nyuma yake wamevaa vitenge vya sherehe. Mchungaji ni Mrundi, aliyeishi kambini Tanzania miaka mingi, mtu ambaye hawezi kupita penye shida akaendelea na safari yake. Kabla sijawakaribisha mama mkwe akawasikia, akapaza sauti kutoka bafuni kwamba msishangae, boila imekufa, nyumba zote hazina maji ya moto.

"Nyumba zote?" Mchungaji akanigeukia. "Na wazee iko hapa? Na watoto?"

"Itarudi tu yenyewe, Mchungaji," nikasema. "Kaeni, kaeni."

"Hapana, ndugu yangu. Tuombe kwanza, kisha tusaidie watu."

Akaombea boila (kweli kabisa, akaitaja), amina yake ikiwa bado hewani akatoka na wale kina mama kwenda kubisha milango ya majirani kuuliza nani anahitaji msaada, na mimi nyuma yao nikisema ngojeni, ngojeni, bila kusema wangojee nini.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Bi Maureen, mwenyekiti wa kamati ya wakazi, ajuza wa Kiaustralia mwenye nywele fupi nyeupe. Maji yake yalikuwa ya moto vizuri tu. Nikapumua. Lakini yule mama alikuwa na akili kuliko nilivyotaka: kama mimi sina na yeye anayo, akasema, basi bomba la upande wangu limepasuka chini ya ardhi, na maji yale yanaweza kumbabua mtu akikanyaga pasipofaa. Akaniuliza usoni, "Una hakika hayatoki kabisa?" Nikasema hayatoki. Huo haukuwa uongo, na ndio ukweli ulionimaliza. Akampigia fundi wa dharura.

Nilijipa moyo kwamba fundi hapatikani Jumamosi. Kumbe huyu alikuwa kwenye kazi nyingine hapo hapo Seven Hills, upande wa viwandani, tulikunywa chai nusu kikombe gari lake likaingia uani. Akasema hawezi kutafuta panapovuja mabomba yakiwa na moto, lazima azime kila kitu. Akaingia kibandani. Ile ngurumo ndogo ya boila, ambayo tulishaizoea hata hatuisikii, ikanyamaza, na ndipo tukaisikia.

Basi milango ikaanza kufunguka. Mmoja katoka na shampuu kichwani. Mwingine na mtoto mchanga ndani ya blanketi. Halafu akatoka Bwana Stan wa nyumba namba tisa, mzee mwenye ugonjwa wa mapafu ambaye nilikuwa nikimsalimia kila asubuhi, mkewe amemshika mkono anauliza joto litarudi lini, maana baridi ikimwingia kifuani hulala hospitali. Mzee alikuwa anatetemeka kidevu. Mimi ni nesi. Wazee wa namna ile nimewahudumia wodini, najua sauti ya vifua vyao, na nilisimama pale nikamsikia anavyovuta pumzi kwa sababu yangu.

Nikasema, "Washa. Tafadhali, washa sasa hivi. Hakuna kilichopasuka."

Fundi akatoa kichwa kibandani. Nikaeleza kwa Kiingereza: kwamba nyumba yangu peke yake ndiyo haikuunganishwa na boila kwa maji ya kuogea, kwamba nina tangi langu, dogo, limekwisha, na nilidanganya kwa sababu ya aibu. Kina mama wa kanisani wakauliza anasema nini, amesema nini, nikalazimika kuungama tena upya kwa Kiswahili, kama wale wanaotangaza ndege kwa lugha mbili. Na katikati ya ungamo la pili nikaona Rispa amesimama kwenye lango, Neema ubavuni, chapati mikononi. Amesikia yote.

Boila ikawaka. Fundi akaondoka bila kuniaga. Mkewe Bwana Stan akamrudisha ndani mume wake polepole. Hakuna aliyenitukana, na laiti wangenitukana. Bi Maureen akauliza kitu kimoja tu: "Yule mama yuko wapi sasa?"

"Bado bafuni," nikasema. "Na sabuni."

Akasema aletwe kwake. Ndivyo mama mkwe wangu alivyovuka ule ua, amefungwa leso mbili, kanga zake za safari, na duveti letu nene la kitandani tulilopewa siku ya harusi, povu kichwani, kina mama wanne wamemzungushia vitenge kama pazia linalotembea, Bi Maureen mbele akiwaondoa watu njiani, na mimi nimegeukia ukuta, paji la uso kwenye matofali, kwa amri ya mke wangu.

Alikaa huko zaidi ya saa nzima. Alipotoka alikuwa ameoga, amekunywa chai, amevaa sweta la Bi Maureen. Wageni walishakaa, pilau imeungua chini. Akaketi, akasema akitazama dirisha, maana na yeye alinistahi:

"Baba Neema, nimefundisha miaka thelathini. Mtoto akiniambia, Mwalimu, sikuandika hesabu, nilimpa kalamu akaandika. Ni yule aliyesema daftari lake limeliwa na mbuzi ndiye aliyenipa kazi. Kwa sababu sasa ilibidi twende sote tukamtafute huyo mbuzi."

Mchungaji ndiye aliyeanza kucheka. Rispa alikuwa wa mwisho, tena siku ya tatu.

Wiki iliyofuata niliunganishwa na boila, lakini kabla ya hapo nilipita nyumba zote kumi na moja, mlango kwa mlango, peke yangu, kuomba radhi, na kwa Bwana Stan nilikaa mpaka nilipomsikiliza kifua na kuridhika. Tangu siku hiyo niliapa: nikikosea nasema nimekosea, hapo hapo, kabla mtu hajavaa viatu kwenda kunisaidia. Aibu ya kusema ukweli, nimegundua, mtu unaweza kuibeba peke yako. Ile nyingine, ya uongo, inataka watu wa kukubebea.