Nyota Mbili kwenye Kioo cha Kinyozi

Asubuhi za ukungu, kioo cha duka la Cleophus kinyozi hutoka jasho, na ndani ya jasho hilo nyota mbili hujitokeza. Zilifutwa zamani kwa siki na magazeti, nami nilikuwepo. Lakini ukungu ukipanda kutoka mtoni zinarudi, nyeupe, laini, kama maziwa yaliyodondokea majini. Husimama pale na kikapu changu mpaka jua lizinywe.

Ni nyota za Renzo Stallworth, mjukuu wa marehemu dada yangu, niliyemlea mwenyewe hapa Tolbert, Alabama. Shule niliishia darasa la sita kwa sababu ya pamba, lakini kumbukumbu yangu haijaishia popote.

Msimu wa mpira ukikaribia, mpira wetu huu wa ncha mbili na wa kugongana mabega, akina mama huchora vioo vya maduka kwa kiwi nyeupe ya viatu. Huandika jina la kijana, namba ya jezi, na nyota alizopewa na wapimaji, wale watu wa mtandaoni wanaowapima watoto wa sekondari kama wanachagua mbegu: moja mpaka tano. Mwaka ule Tremaine Goodloe alichorewa tano kwenye kioo cha benki. Renzo, mbili, kwa kinyozi. Yeye alicheza katikati ya ukuta, ule mstari wa mbele wa wachezaji wakubwa, yule anayeinama, anaupitisha mpira nyuma katikati ya miguu yake, kisha anagongwa. Hakuna anayemtazama huyo.

"Mbili si mbaya, Bibi," aliniambia. "Mbwa wa Cleophus hana hata moja."

Alitaka kitu kimoja tu: chuo kimchukue acheze na kimlipie masomo, maana bila mpira asingesoma. Kocha wa chuo kikuu kimoja kikubwa alikaa jikoni kwangu, akala kambare wangu mpaka mifupa, akamwahidi nafasi. Nikaamini. Siku ya kutia saini, mwezi wa pili, vijana hukaa mezani ukumbini mbele ya mji mzima na kuvaa kofia za vyuo waendako. Nikanunua kofia. Nikaoka keki ya karameli, nikaandika jina la chuo juu yake kwa sukari nyekundu. Karatasi ya kutia saini ilikuwa haijafika kutoka chuoni, na hapa kwetu kila mama anajua: huoki kabla ya karatasi.

Asubuhi ile simu ikalia. Renzo alisikiliza. "Sawa, kocha." Akaiweka chini taratibu. "Wamempata wa nyota nne."

"Basi hatuendi."

"Tunaenda, Bibi. Nilimwahidi Tremaine nitakaa karibu yake. Anatetemeka yule."

Ukumbini nilikuwa kama niko chini ya maji. Tremaine alivaa kofia, watu wakapiga kelele, nami nilizisikia kwa mbali sana. Kisha mwalimu mkuu, ambaye hakuwa na habari, akaita jina la Renzo. Akasimama kichwa wazi.

"Sina kofia," alisema. "Ila Bibi ameoka keki. Hilo jina la juu lileni haraka, nisilione tena."

Watu wakacheka, wengine huku wanajifuta macho. Mwanamume mmoja mfupi, kocha wa chuo kidogo cha kanisa kule milimani, aliyekuja kwa ajili ya kijana mwingine, akanifuata na kipande cha keki mkononi.

"Mama, yule nani?"

"Wa nyota mbili. Kwani husomi vioo?"

"Mtu wa katikati lazima asikimbie akiaibishwa," akasema. "Nafasi ninayo. Ila jioni ataosha vyombo bwaloni."

"Vyombo navijua, kocha," Renzo akajibu, mdomo umejaa keki. "Muulize Bibi."

Sitawadanganya: wapimaji si wajinga. Miaka yote hii nimeona wa tano wakifika mbali kuliko wa mbili, wengi wao. Tremaine mwenyewe alicheza kwa kulipwa mpaka magoti yakachoka, nasi tukimtazama kwenye televisheni Jumapili baada ya ibada. Renzo hakuitwa na timu yoyote. Aliosha vyombo, akacheza, akahitimu, na sasa anafundisha sayansi sekondari yetu na kuwanoa vijana wa ukutani.

Juzi Cleophus alitaka kubadilisha kioo. "Kimechoka, dada Ernestine."

"Kiguse uone. Nitakunyoa mimi leo."

Ukungu ulikuwa mzito. Renzo akapita anakimbia na vijana wake, weupe wote kama watu wa ndotoni.

"Bibi! Bado zipo?"

"Zipo."

"Zote?"

"Zote mbili."

Akacheka, wakamezwa na ukungu, nikabaki nasikia viatu tu.