Ekwalaiza ya Baba Watoto

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu tulikuwa tunaishi Tuwan, hapo Kitale, na mume wangu alikuwa na ugonjwa mmoja tu: muziki. Alikuwa na amplifaya na spika mbili ndefu kama kabati, lakini alilalamika kwamba sauti haijaiva. Jumamosi moja akarudi kutoka Moi's Bridge amebeba ekwalaiza, mashine ya kupimia besi na sauti nyembamba, ameifunga kwa blanketi kama mtoto mchanga.

Ilikuwa na vifungo vya kusukuma juu na chini, na taa za kijani zilizorukaruka kufuata wimbo. Alishinda nyuma ya meza akichomeka waya, kisha akaniita.

"Mama watoto, kaa hapo. Unasikia hii?" Akasukuma kifungo.

"Nasikia."

"Na sasa?"

"Aa, sasa besi imeingia kabisa."

Sikumdanganya. Niliisikia. Jirani yetu, mfanyabiashara wa mahindi, naye akaja, akafumba macho na kutikisa kichwa. "Bana, hapo umefika!" Basi kila siku mume wangu akawa anaongeza kidogo, mpaka vifungo karibu vyote vikafika juu.

Wiki iliyofuata mama mkwe akaja kutoka Bungoma. Mama huyo hajui kukaa bure. Asubuhi alichukua kitambaa akaanza kupanguza vumbi, redio ikiimba taratibu. Mimi nilikuwa jikoni nachuja chai, mara nyumba ikanguruma. Glasi zikagongana kabatini. Kuku aliyetuletea akakata kamba akatoroka. Mume wangu akatoka bafuni mbio, amejifunga taulo, sabuni imejaa masikioni.

Mama alikuwa ameshika kifua. "Uwii! Mimi sijaharibu ledio ya mtu! Nimefinya tu haka kadude!"

Kadude kenyewe kalikuwa kitufe cha amplifaya kilichoandikwa "tepu". Kwa vile hatukuwa na mashine ya kanda, hakuna aliyewahi kukigusa. Mume wangu akakifinya. Sauti ikarudi ile ya kawaida. Akakifinya tena, madirisha yakatetemeka. Hapo nikaona uso wake unabadilika. Ekwalaiza alikuwa ameichomeka kwenye matundu ya kanda, na bila kufinya kitufe hicho ilikuwa inachezesha taa zake tu. Sauti ya spika haikuwa imepitia kwake hata siku moja.

"Sasa," mama akauliza tulipomweleza, "wiki yote hiyo mlikuwa mnasikia nini?"

Mume wangu akarudi kujisuuza sabuni.

Jioni alianza upya kupanga vifungo, mama akiwa hakimu. "Shusha, mwanangu. Shusha tena. Huyo anaimba, si ng'ombe." Vikashuka mpaka karibu katikati. Jirani alipoingia, alisikiliza kidogo akasikitika. "Kwani ulibadilisha nini? Si ile ya wiki jana ilikuwa safi zaidi!"

Mume wangu aliniangalia. Mimi nikaangalia birika. Mama akatunyamazisha sote kwa mkono, maana kwaya ilikuwa imeanza redioni, na sasa, alisema, anamsikia vizuri yule mama wa nyuma anayeharibu wimbo.