Mwajiri Alipojitoa Kwenye Mfuko

Nilisoma mita za maji Handeni kwa miaka ishirini na sita. Nilipobakiza miezi mitatu kustaafu, nilipanda basi hadi Korogwe, kwenye ofisi ya mfuko wa pensheni, kuulizia taratibu.

Binti wa dirishani aliniamkia, akaingiza namba yangu kwenye kompyuta.

"Mama, michango yako iliishia miaka saba iliyopita. Mwajiri wenu alijitoa kwenye mfuko."

"Alijitoa vipi? Mbona nakatwa kila mwezi?"

Nikamtolea hati ya mshahara wa mwezi uliopita. Aliisoma mara mbili, akaenda kumwita mkubwa wake.

Nilirudi Handeni siku hiyohiyo, nikaenda moja kwa moja kwa afisa utumishi wetu. Alikuwa rafiki yangu. Tuliajiriwa wiki moja, tukapanga chumba kimoja, na alipojifungua kwa upasuaji mimi ndiye niliyemwogeshea mtoto siku arobaini. Nikafunga mlango.

"Ulijua?"

Akaanza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Barua ilipitia kwangu. Wakubwa walisema nisiwatie watu hofu, watatafuta mfuko mwingine."

"Na wewe je? Pensheni yako ikoje?"

Sauti ilimpungua. "Nilijiandikisha nichangie mwenyewe."

Nikakaa. Wakubwa sikuwahi kuwategemea wanipende. Lakini huyu, miaka yote saba, alikuja kwangu kula makande, akanisikiliza nikisimulia nyumba nitakayoimalizia Makuyuni kwa kiinua mgongo changu, na kila mara akaitikia, "Inshallah, dada."

Nikawakusanya wenzangu kwenye stoo ya mabomba: mafundi, walinzi, mhudumu wa ofisi. Wengine walilia, wengine hawakuniamini mpaka walipoenda Korogwe wenyewe. Fundi mmoja mzee alikuwa amezitunza hati zake zote za mshahara kwenye ndoo ya rangi. Tulizipeleka ofisi ya kazi ya serikali pamoja na za kwetu, tukafungua shauri. Tuliitwa, shauri likaahirishwa, tukaitwa tena.

Siku ya mwisho ya shauri afisa utumishi alikuja bila kuitwa, akaiweka mezani ile barua ya mwajiri kujitoa. Bila barua ile tungeendelea kuzungushwa. Hilo nalikubali.

Mfuko ulithibitisha kuwa miaka yetu ya mwanzo iko salama. Mwajiri akaamriwa kuwasilisha makato yetu ya miaka saba pamoja na mchango wake. Fedha zinaingia kidogokidogo. Yule fundi mzee alifariki zake hazijatimia, na mjane wake ndiye anayefuatilia sasa.

Mwezi uliopita rafiki yangu alikuja nyumbani. Nilimpa kiti na maji ya kunywa.

"Bado una hasira na mimi?" akauliza.

"Hasira zimeisha," nikamwambia. "Ila sasa nikikuona, najiuliza ni lipi lingine unalolijua."

Alimaliza maji, akaaga, na mimi sikumsindikiza.