Hodi Tatu

Niseme kwanza mimi ni nani, maana asiyenijua anaweza kudhani nilizaliwa na mali. Shule niliishia darasa la nne, chuo cha Kurani nikatoroka sijafika mbali. Nilipoingia Birmingham, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya sitini, nililala mtaa wa Newtown chumba kimoja na wenzangu, kitanda kwa zamu: huyu anaamka kwenda kiwandani, yule anajitupa shuka likiwa bado na joto la mwenzake. Miaka haikupita mingi nikawa na nyumba za kupangisha vyumba kule Perry Barr, na mwenyewe nikahamia Edgbaston, kwenye miti na kimya. Nani katika sisi aliyeyafanya hayo? Nitajieni.

Basi shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alikuwa akisoma Amerika, jimbo la Kolorado, akatuita tukamtembelee. Akatupakia garini kwenda kuangalia magofu ya Wapueblo, watu wa kale waliojenga nyumba za mawe ndani ya mapango ya majabali. Mlima wenyewe juu ni bapa, na barabara yake inazunguka kati ya misonobari mifupi: unasimama hapa, unashuka, unatazama, unapanda gari tena, mpaka unatokea palepale ulipoingilia. Vituo vya mwanzo ni mashimo tu, nyumba walizochimba ardhini. Mbele kidogo unakuta kuta. Halafu unachungulia bondeni, unaona mji mzima umejibanza chini ya jabali, na madirisha yake yanakutazama.

Kwenye mlango wa kwanza, mdogo, mpana juu na mwembamba chini, mke wangu akasimama. Akavua viatu.

"Hodi!"

Wazungu waliokuwa nyuma yetu, na kofia zao za jua, wakageuka.

"Hodi!" akaita tena.

Nilitamani jabali lile linifunike. "Unamwita nani wewe? Watu wamehama tangu enzi na enzi."

"Kuhama si kufa, bwana. Na hata wakiwa wamekufa, nyumba ni yao."

"Unanitia aibu mbele za watu. Nyamaza."

Akaita ya tatu, polepole, kama anayemwamsha mtoto. Akangoja. Kisha akavaa viatu vyake. "Nimeita tatu, sikukaribishwa. Wewe ingia ukitaka."

Ndivyo tulivyolelewa Unguja, hata mtoto anajua: hodi ni tatu, usipoitikiwa unarudi zako, wala hununi. Lakini kuipeleka mila hiyo Kolorado, kwenye gofu! Nilicheka. Nikamtupia kamera, nikamwambia kazi yake basi ni kunipiga picha. Nikaingia, tumbo likikwaruza mawe, nikasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. Palipofungwa kamba, niliinua kamba. Ukuta mmoja lipu yake ilikuwa bado na alama za vidole vya mtu aliyeipaka. Nikaweka vyangu juu yake kuvipima. Tukazunguka barabara yote hivyo, kituo baada ya kituo: mimi ndani, yeye nje. Mwanamke yule alivuka bahari nzima asikanyage ndani ya hata nyumba moja.

Tuliporudi nikaalika watu Jumapili mchana. Nilitaka wanione, sifichi. Alikuja fundi wa magari, mtu wa Tanga, tuliyelala naye chumba kimoja Newtown. Wakaja na manesi wawili wa Kenya, wapangaji wangu. Nikafunga mapazia, nikatundika shuka jeupe ukutani, nikawasha projekta mpya. Jikoni biriani inanukia.

Picha ya kwanza ikatoka. Sasa, mke wangu alipiga akiwa nje juani, na mimi nilikuwa ndani gizani. Kwa hiyo mlango ulitoka unang'aa, kila jiwe unaliona, na ndani yake pande la kivuli, halina uso, limeinama.

"Eh bwana," fundi akasema, "huyu mwizi nani?"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. "Mwizi gani! Ni mimi mwenyewe!"

Nikasukuma ya pili. Mlango, kivuli.

"Kaingia na ya jirani! Iteni polisi!"

Hapo nesi mmoja, yule anayefanya kazi usiku hospitalini, akasema bila kucheka: "Huyo si mwizi. Ni landilodi wetu. Kwetu pia huwa anaingia hivyo hivyo."

Kicheko kilianza tena, kikakatika njiani.

Funguo za vyumba vyote nilikuwa nazo mimi. Nilikuwa nikifungua ninapojisikia. Nakagua majiko ya mafuta ya taa wasije wakaniunguzia nyumba, ndivyo nilivyosema. Lakini mara nyingi sikukagua kitu, nilisimama tu nikatazama kilicho changu. Huyu binti alikuwa akirudi asubuhi, analala, anaamka ananikuta dirishani nashika pazia. Aliwahi kuniomba nibishe kwanza.

"Nilimwambia, 'Mzee, si ungepiga hodi?'" akaendelea. "Akanijibu mtu hapigi hodi kwake. Kumbe hata Amerika ni kwake."

Projekta ikawa inavuma peke yake. Mke wangu alikuwa hayajui hayo ya funguo. Sasa ameyajua, na kinywani mwake alikuwa na neno la kunimaliza: angesimulia tu zile hodi zake, na jinsi nilivyomnyamazisha, nisingetazamana tena na mtu katika mji huu.

Fundi, labda kuniokoa, akamgeukia. "Na wewe shemeji, mbona humo hata picha moja?"

Akanitazama katika ule mwanga wa projekta. Akanitazama sana.

"Mimi ndiye niliyeshika kamera," akasema. "Haya, jamani, biriani inapoa."

Alinisitiri. Afadhali angenitukana. Wageni walipoondoka alikuwa akifuta sahani, moja hiyo hiyo, ilishakauka zamani.

"Yule binti hulala mchana?"

"Ndiyo."

"Na wewe unaingia?"

Akaiweka sahani kabatini, akatoka.

Jumamosi nilikwenda Perry Barr. Dirisha la yule nesi lilikuwa halifungiki, nikapanda ngazi na bisibisi mkononi, ufunguo mfukoni. Nikasimama mlangoni. Mwaka wangu wa kwanza mji huu nilisimama hivi kwenye milango mingi ya Wazungu nikitafuta chumba. Pazia linasogea, jicho linanipima, halafu kimya, na mimi nje kwenye theluji najifanya sikuona.

"Hodi."

Ndani redio ilikuwa ikiimba chini chini.

"Hodi."

Redio ikazimwa. Kitanda kikalia, nikasikia miguu inakuja mpaka mlangoni, ikasimama. Tukawa hivyo, ubao mmoja kati yetu, namsikia anavyopumua.

"Hodi," nikasema mara ya tatu.

Hakufungua. Ufunguo ulikuwa mfukoni, nikausikia unavyonigusa paja. Nikashuka. Mlango wa barabarani niliurudishia taratibu, kama mtu anayetoka nyumba ya watu.