Yusufali na Mlango Aliousahau

Na itangazwe kwa wakaazi wote wa Mji Mkongwe, aliye karibu amwambie aliye mbali: Yusufali, muuza makufuli wa Darajani, hajaibiwa tangu azaliwe. Mlango wake wa msaji una komeo mbili, makufuli manne na mnyororo wa kufungia fahali. Mwizi akiutazama hujionea huruma.

Nje ya mlango huo ipo barza ya mawe, na barza ndiyo roho yake. Tangu mkewe Fatmabai atangulie mbele ya haki, nyumba imekuwa kimya kama soko wakati wa khutba. Lakini kila baada ya alasiri barza hufurika. Yusufali huteremka na dele la kahawa, akaanza kisa cha mwizi aliyenaswa kidole kwenye kufuli, na vijana wa mtaa huinamisha vichwa kwa adabu mpaka magharibi. Kisa wamekisikia hadi mwizi mwenyewe angekichoka. Hawaondoki.

"Maneno matamu hayo," hujisifu Yusufali.

Jumapili moja mpwa wake Narjis, anayefundisha kompyuta huko Fumba, alikuja kula biriani. Hajavua viatu, simu yake ishaingia kwenye waifai ya nyumba.

"Nani kakupa paswedi?"

"Mjomba, ni moja mpaka nane. Imekuja hivyo kutoka kiwandani."

"Lakini ile mashine nimeitia kabatini. Na kabati nimelifunga."

Narjis alitafuta pa kuficha kicheko, akakosa. Akaingia kwenye mipangilio ya ruta. Nako paswedi ilikuwa ileile aliyoiacha fundi. Humo akazikuta simu za nusu ya mtaa. Kamera ya mlangoni nayo, mwenye kutaka angeweza kuiangalia akajua Yusufali katoka saa ngapi. Tena kuna mtu alishaingia humo akaipunguzia kasi simu moja tu, ya mwenye nyumba.

Yusufali akachungulia dirishani. Chini, vichwa vimeinama.

"Munir, wafanya nini hapo?"

"Nnakusikiliza, Mzee."

"Sijaanza."

"Basi anza, Mzee. Mechi nshaishusha nusu."

Yusufali akarudi ndani. "Funga," akamwambia Narjis.

Narjis akabadilisha paswedi ya waifai, akabadilisha na ya ruta yenyewe. Kule chini vichwa vikainuka kimoja kimoja, kama kuku walioishiwa mtama.

Kesho yake dele liliteremka kama kawaida. Munir akapita, akatoa shikamoo, akauliza kama mtandao umerudi. Alipoambiwa haurudi, akaendelea na safari yake mpaka barza ya muuza dawa. Kisa cha mwizi alikisikiliza paka, naye hakukaa mpaka mwisho.

Jioni Narjis akapiga simu. "Mjomba, sasa nyumba imefungika kweli. Haingii hata mwizi."

"Naam," akasema Yusufali. "Wala mtu."