Muhuri wa Baba

Hadi leo nikiuona ule muhuri, kashe kama tunavyouita kwetu, hasira inanipanda. Ni kipande cha mbao kinachoenea kwenye kiganja, chini kina mpira wenye jina la jamii yetu na picha ya mlima. Baba alitoka nao kambi ya wakimbizi, akapita nao viwanja vyote vya ndege, akafika nao Louisville. Hakuna ofisi hata moja ya Marekani iliyowahi kuuomba. Lakini sisi tumekulia mahali ambapo karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga, na mwenye muhuri ndiye mwenye watu.

Baba alikuwa mwenyekiti wa jamii hiyo, watu wa mlima mmoja waliotawanyika Louisville, Columbus na Buffalo. Kila mji ulikuwa na wajumbe wawili katika kamati, na tulikutana Columbus kwa sababu iko katikati. Mimi nilikuwa katibu. Kazi yetu kubwa ilikuwa kilio. Mtu akifa, mwenyekiti ndiye anayetangaza, anayepanga nani aseme na nani anyamaze, anayefungua matanga na kuyafunga. Bila neno lake watu wanakaa tu kwenye viti wakiangaliana.

Kamati ilipoanza kumwuliza maswali, baba aliacha kuitisha mikutano. Ukapita mwaka, ukapita wa pili, na wa tatu. Siku moja nikamwuliza kwa nini.

"Mimi Mungu njo alinichagua," akasema kwa Kiswahili cha kwetu. "Kamati ni ya kunisaidia, haiko ya kuniuliza."

Alikuwa anakula ugali niliousonga mimi, nimetoka kazini, kusimama ghalani kwa muda wa saa kumi. Nilitamani kumnyang'anya sahani.

Wakati huohuo binti yangu alikuwa anasoma shuleni vita vya zamani vya Uingereza, vya mfalme na bunge lake. Alikuwa na mtihani, basi akawa ananisimulia kwa Kiingereza huku nakunja nguo, nami namjibu kwa Kiswahili. Mfalme huyo aliamini amewekwa na Mungu, akakaa miaka kumi na moja bila kuita bunge. Mwishoni shida zikambana, akaliita, wakagombana. Akaingia bungeni mwenyewe na watu wenye silaha kukamata wabunge watano, akakuta wote wameshatoroka. Nikaacha kukunja nguo. Nikamwambia arudie hapo.

Wiki mbili baadaye tukaitisha mkutano Columbus bila baba. Akaja hivyohivyo, na wanaume wanne wa kwaya wakiwa na sare zao, akitaka kitabu cha mikutano na akitaka wajumbe wa Buffalo watolewe nje. Wale wawili walikuwa wametoka kununua soda. Baba akasimama katikati ya ukumbi na wanakwaya wake, hana wa kumfukuza. Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na baba aliniona.

Kuanzia hapo ikawa vita. Buffalo wakachongesha muhuri wao. Harusi moja ikawa na barua mbili za mwaliko, kila moja na muhuri wake, na kanisani wake za wajumbe wakaacha kusalimiana. Ndugu wa tumbo moja kule Columbus walinuniana mwaka mzima. Watu tuliokimbia risasi za kweli, tukapewa nchi ya kulala bila viatu miguuni, tukatafuta vita vyetu vya kujitengenezea! Ninapoandika haya bado nataka kumzaba mtu kofi, na sijui nianze na nani.

Kwa Waingereza, binti alisema, bunge liliunda jeshi jipya na mfalme akashindwa, akashikwa, akatoroka, vita vikaanza upya. Kwetu baba alishindwa siku Louisville, mji wake mwenyewe, ulipohamia upande wa kamati. Barua ya kumwondoa niliiandika mimi. Niliiandika kwa furaha, sitadanganya. Lakini muhuri alibaki nao. Alitembea nao mfukoni hata akienda kununua maziwa.

Ndipo shangazi akafa, kule Buffalo.

Alikuwa dada wa baba, na ndiye aliyenilea. Mama yangu aliuawa vitani nikiwa na miaka miwili, na shangazi akanibeba mgongoni mpaka tukavuka mpaka. Zaidi ya hapo sikujua kitu. Waliokuwa njiani ni yeye na baba, na wote wawili hawakutaka kuyagusa mambo hayo. Nikimbana sana shangazi alikuwa anacheka: "Ngoja siku ya kilio yangu. Papa yako atasema yote." Kwetu ni hivyo. Kaka mkubwa ndiye anayesimama kusimulia maisha ya marehemu, na siku hiyo hafichi kitu. Nilikuwa nimesubiri hadithi hiyo maisha yangu yote.

Kamati ikakaa kwa simu. Ikaamua kwamba mzee hatasema neno mpaka arudishe muhuri. Ningeweza kukataa. Niliandika uamuzi huo kwenye kitabu, nikasaini. Nilijua atakubali. Nani anakataa kumlilia dada yake kwa sababu ya kipande cha mbao?

Baba alifika ukumbini Buffalo mchana, theluji ikianguka, amevaa makoti mawili na kofia. Kofia hakuivua. Akaenda moja kwa moja mbele. Mjumbe wa Buffalo akainuka na kumsomea uamuzi, watu wote wakisikia.

"Ni nani alibapatia ruhusa," baba akauliza polepole, "ya kunifunga kinywa ku kilio ya dada yangu?"

Binti yangu akaninong'oneza kwamba hilo ndilo swali la yule mfalme. Walipomshitaki hakuvua kofia, akawauliza ni kwa mamlaka ya nani wanamhukumu.

"Wakamfanya nini?"

"Walimkata kichwa," akasema. "Halafu jenerali wao akaja na askari, akalifukuza bunge lenyewe."

Mjumbe alikuwa ananitazama. Wote walikuwa wananitazama, maana katibu ndiye mwenye kitabu. Ningesema, "Mwacheni mzee aseme." Ni maneno matatu tu. Lakini nilikumbuka ile sahani ya ugali, nikakumbuka Mungu aliyemchagua, damu ikanichemka.

"Papa," nikasema, "rudisha kashe kwanza."

Akafungua koti la kwanza, akafungua la pili, akatoa muhuri na kuuweka kiganjani mwangu. Ulikuwa wa moto kwa kukaa mwilini mwake.

"Bon," mjumbe akasema, "sasa mzee aseme."

"Njo hii mulitaka," baba akajibu. "Historia yake muandike banyewe, mupige kashe juu."

Akatoka, akaenda kukaa kwenye gari. Mjumbe akachukua karatasi na kusoma mistari minne: alizaliwa, alikimbia, alifika Buffalo, amefariki. Akaongeza kwamba marehemu hakujaliwa mtoto. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, muhuri mkononi, na sikufungua mdomo.

Siku hizi jamii ina mwenyekiti mpya, yule mjumbe wa Buffalo, na mwaka huu hajaitisha mkutano. Nimeacha ukatibu. Muhuri uko kwenye droo ya vijiko, hakuna aliyekuja kuuchukua. Kila Jumapili nampelekea baba chakula, ananishukuru vizuri, anakula. Namwuliza tulipita wapi siku ile, nani alinipa maji, mama tulimzika wapi. Anafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

"Uliza kamati," ananiambia.