Chama Kidogo cha Mwanangu

Binti yangu alituambia Ijumaa asubuhi, tukiwa tunakunywa chai, kwamba anagombea ubunge wa Kanada. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye chupa ya chai ili tumwone sote watatu: mimi, kaka yangu, na mama yetu, ambaye anakaa nami hapa Bawshar, Muscat, tangu baba alipofariki. Kwake ilikuwa bado Alhamisi na ameshakula chakula cha usiku. Alilisema jambo lile kwa Kiswahili, halafu akalirudia kwa Kiarabu, kama vile lugha moja isingetosha kutufanya tuamini.

Kaka yangu aliweka kikombe chini. Mama akauliza, "Chama gani?"

Akasema ni chama cha mazingira. Kidogo. Katika bunge zima la nchi kubwa namna ile, viti vyao unavihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vinabaki.

Nilimpongeza. Maneno yote yanayotakiwa niliyasema, na dua nikamwombea. Simu ilipokatika ndipo nilipoona kwamba kisu cha kukatia mkate wa kumimina bado nimekikamata, na mkate wenyewe hakuna aliyeugusa.

Mwanangu alikwenda kule kusoma mambo ya maji na udongo, akapata kazi, akabaki. Anakaa mji mdogo upande wa magharibi, msitu umeuzunguka kila upande. Kuna majira ya joto ambayo alikuwa akinipigia simu na nyuma yake dirisha lina rangi ya chungwa, mchana kweupe, kwa moshi wa miti inayoungua. Mwaka mmoja waliambiwa watoke majumbani mwao haraka, akatoka na mkoba na pasi yake ya kusafiria tu. Nyumba ilinusurika, ya jirani haikunusurika. Tangu hapo ndipo alipoanza kwenda mikutanoni.

Na ili mtu agombee kule lazima awe raia wa kule. Kwetu mtu habebi pasi mbili ila kwa ruhusa maalumu, kwa hiyo alipopokea ya kwao akairudisha ya kwetu. Sasa akija Muscat anapanga foleni ya wageni. Mara ya kwanza alitoka pale uwanja wa ndege akicheka, akanionyesha muhuri wa mgeni kwenye pasi yake mpya. Nikacheka naye. Moyoni nilikuwa najiuliza, huyu siku wakimchoka kule, atakwenda wapi?

Kaka yangu hakuwa na hofu hiyo. Yeye ni meneja wa duka kubwa la magari pale Wattaya, na siasa za nchi za watu anazifuata kama wenzake wanavyofuata mpira. Kwake lile lilikuwa swali la hesabu. Kule, alitueleza, jimbo moja lina kiti kimoja, na anayemzidi mwenzake hata kwa kura moja ndiye anayekichukua, ijapokuwa wengi hawakumtaka. Kwa hiyo chama kidogo hakichukui kura za adui yake. Kinachukua za jirani yake. Watu wanaopenda misitu watagawanyika mafungu mawili, na yule asiyeijali misitu atapita katikati.

Ijumaa baada ya Ijumaa walibishana. Binti yangu alisema vyama vikubwa viliyaokota maneno yao kuhusu hewa na mito pale tu vilipoanza kupoteza kura. Mjomba wake akamwambia, basi jiunge na wakubwa ukawabadilishe ukiwa ndani. Akajibu kwamba ndani mbunge anapiga kura anavyoambiwa na wakuu wa chama. Kaka yangu akauliza, "Na mbunge asiyekuwepo, yeye anapiga kura gani?"

Walikuwa wakicheka, wale wawili. Mimi nilikuwa nikimtazama mama. Sisi tuliokulia hapa hatujui vyama; anayegombea Shura, baraza la hapa Oman, anagombea kwa jina lake na ukoo wake. Neno lenyewe "chama" nyumbani kwetu halikuwa likitajwa, na baba, redio ikianza habari za uchaguzi wa nchi yoyote, alikuwa akiinuka na kwenda uani. Sasa mama akawa anafanya vilevile. Mabishano yakianza anaondoka mezani na kikombe chake.

Kisha ikatokea habari ya pikapu. Binti yangu alikuwa akigawa vipeperushi nyumba kwa nyumba, na mwanamume mmoja akamfuata kwa gari, polepole, barabara hadi barabara, bila kusema neno. Alipoingia kwake, yule bwana alisimamisha gari mbele ya nyumba, taa zinawaka, akakaa. Halafu akaondoka. Binti yangu alitusimulia kama kichekesho. Akasema kule wako watu wanaoishi kwa kukata magogo, wanaona chama chake kinataka kuwanyima riziki, hasira zao anazielewa.

Mama alikuwa mlangoni. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo wanaijua nyumba yake?"

Baada ya siku chache nilimpeleka mama kwa daktari wa macho, Madinat Sultan Qaboos. Tulipotoka, nikawasha gari ili lipoe kabla hatujaondoka. Mama hakufunga mkanda. Alitazama mbele kwenye ukuta wa maegesho, akaanza kusema bila ya mimi kumuuliza.

"Baba yako alikuwa na kadi," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea, taratibu. Unguja, zama zile za siasa, kulikuwa na vyama viwili vikubwa na cha tatu, kidogo. Baba alikuwa wa kile kidogo. Viti vyao vilikuwa vichache, lakini yule waliyemwegemea ndiye aliyekaa juu. Kwa hiyo waliotupwa chini waliwaita wasaliti, na waliowekwa juu hawakuwapenda pia. Mwanamke aliyekuwa akisukana nywele na mama kila wiki alikatiza barabara asimsalimie. Dukani waliuziwa mwisho, baada ya watu wote, au hawakuuziwa. Halafu serikali ikapinduliwa, na watu wakaja kumchukua baba. Mama alikuwa na mimba ya kaka yangu. Baba alirudishwa kaka ameshaanza kutambaa. Kilichompata huko hakukisema siku hiyo wala mpaka anakufa, na mara ya kwanza walipopata njia ya kuja huku, wakaja.

"Wakubwa wana watu wa kuwakinga," mama akasema. "Mdogo hana. Mambo yakiharibika, wote wawili wanamgeukia yeye. Mie nna khofu, mwanangu. Nna khofu na mtoto yule."

Nilimwomba amwambie aache. Nikamwambia, wewe atakusikiliza, mimi ananiona mwoga tu. Mama alifunga mkanda.

Kuanzia siku ile hofu yangu ikawa na umbo. Mwanzo nilikuwa naogopa tu, kama mama yeyote mwenye mtoto mbali. Sasa nilikuwa naona watu wakija mlangoni kwake.

Kampeni ikiwa imepamba moto, asubuhi moja ya katikati ya wiki nilimpigia saa yetu ya kawaida, simu ikawa haipatikani. Nikasubiri. Nikapiga tena, vilevile. Ujumbe niliotuma ulibaki na alama moja. Nilimwacha mama na msichana wa kazi, nikasema nakwenda sokoni, nikaendesha mpaka Wattaya na njia nzima sikumbuki hata taa moja ya barabarani.

Kaka yangu alikuwa na mteja. Aliponiona mlangoni alimwomba radhi, akanipeleka kwenye chumba chake cha vioo na kufunga mlango. Akajaribu kwa simu yake, kisha kwa ya mezani. Akatafuta habari za mji ule kwenye kompyuta: moto, ajali, chochote. Hakukuwa na kitu.

"Yule wa pikapu," akasema, "namba ya gari aliichukua?"

Sikujua. Ndipo nilipomwona kaka yangu, mtu mzima mwenye mvi na wajukuu, anafungua kizibo cha chupa ya maji na kukifunga, anakifungua na kukifunga, wala hanywi. Miezi yote ile nilidhani kwake ni mchezo wa hesabu. Nikajuta kuja, kwa sababu sasa tulikuwa waoga wawili badala ya mmoja.

Simu yangu ililia mkononi mwangu nikashtuka nusura niitupe. Alikuwa mzima. Alikuwa mkutanoni, ameizima. Aliona namna tulivyokaa, akauliza nani kafa.

Tulipokwisha kumgombeza akatueleza. Mgombea wa chama kimoja kikubwa, mama mmoja muuguzi, mtu mwema anayemjua siku nyingi, alikuwa amemwita. Na pamoja naye walikuwepo wazee wawili wa chama chake mwenyewe. Walimwomba ajitoe. Wakamwekea mezani hesabu zilezile za mjomba: akibaki, kura zitagawanyika na kiti kitakwenda kwa mtu ambaye wote hawamtaki. Siku ya mwisho ya kuondoa jina ilikuwa ya pili yake.

"Mjomba," akasema, "wewe ungefanyaje?"

Nilimgeukia kaka yangu. Hili ndilo alilokuwa akilisema kila Ijumaa, na sasa neno moja lake lingetosha. Niliomba Mungu aliseme. Alisugua uso wake kwa viganja viwili.

"Kwa hesabu, jitoe," akasema. "Lakini usinifuate mie. Mie hapa nimeogopa, na mtu aliyeogopa hashauri."

Binti yangu akataka kuzungumza na bibi yake. Nikarudi Bawshar, nikamweka mama kitini, nikampa simu na kusimama nyuma yake. Mkono niliuweka begani kwake, na nadhani alielewa nilichokuwa nikikitaka.

Mama alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Ukijitoa, yule wa gari ataacha kukufuata?"

Binti yangu alifikiri. "Sijui, bibi. Sidhani."

"Basi usijitoe kwa ajili yake. Ukijitoa, iwe kwa hesabu za mjomba wako, kwamba umeziona ni za kweli. Lakini si kwa khofu. Khofu niachie mie, mie nshaizoea."

Akanirudishia simu. Alipotaka kuinuka ilibidi nimshike, na kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Sikumsemesha mpaka magharibi. Nilikuwa na hasira naye ambayo sijawahi kuwa nayo.

Binti yangu hakujitoa. Alisema amezipiga hesabu zile na hazikubali, kwa sababu zitamtaka ajitoe uchaguzi huu na ujao na wa baada ya huo, na hivyo chama chake hakitakuwa na siku yake hata moja.

Matokeo yalikuja asubuhi ya huku. Kaka yangu alipitia kwangu kabla ya kwenda kazini, akakaa nasi mbele ya kompyuta. Mama alikuwa na tasbihi. Namba zilikuwa zikipanda kidogo kidogo, za yule muuguzi na za yule mwanamume wasiyemtaka, zinapishana, na za binti yangu chini kabisa, fungu dogo. Mwisho mwanamume akashinda. Pengo kati yake na muuguzi lilikuwa dogo kuliko kura za binti yangu.

Kaka yangu alifunga kompyuta. Hakutukumbusha hesabu zake, na kwa hilo ninamshukuru mpaka leo. Chai yake aliiacha mezani.

Wiki zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote. Watu waliomlaumu kwa kugawa kura walimwandikia mambo ambayo hakutaka kunisomea. Rafiki zake aliokuwa akipanda nao miti walikihama kikundi chao. Asubuhi moja alikuta bango lake la kampeni, lenye sura yake, limevunjwa vipande viwili na kupangwa vizuri juu ya ngazi ya mlango. Nilimuuliza kama ni yule wa pikapu. Akasema hajui, huenda ni watu wa upande wake. Hilo ndilo lililonitia baridi. Mama nilimficha, lakini nadhani alijua.

Kaka yangu akamtumia kamera ya mlangoni, ile inayoonekana kwenye simu, na akaiunganisha na yangu pia. Tangu hapo nikishamaliza sala ya alfajiri naitazama. Naona ngazi, taa, theluji, paka wa jirani. Binti yangu ananitania kwamba nimepata kazi ya ulinzi uzeeni. Sijui kama ni dawa au ndiyo maradhi yenyewe, maana nikikosa kuitazama siku moja siwezi kula.

Mwezi uliopita, nikiwa namwagia maua uani, simu ilitikisika. Kulikuwa na mtu mlangoni. Kule jioni, giza limeshaingia. Mwanamke mwenye koti kubwa, kofia imemfunika nusu ya uso, na mkononi ana kitu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa. Alisimama. Akainua mkono kubonyeza kengele, akaushusha, akatazama nyuma barabarani, akauinua tena. Nilimpigia binti yangu hakupokea. Maji yalikuwa yanamwagika miguuni mwangu. Nikaona mlango unafunguka, na binti yangu amesimama kwenye mwanga na soksi zake, na wawili wale wanatazamana. Sauti hakuna. Midomo ya mwanamke ilisogea muda mrefu. Kisha binti yangu akasogea pembeni, yule akaingia, na mlango ukafungwa.

Ilipita saa nzima kabla hajanipigia. Alikuwa yule muuguzi. Kile kitu kilikuwa mkate, kauoka mwenyewe. Walikunywa chai, akasema, halafu wakagombana mpaka yule mama akalia: nani ajitoe kumpisha nani uchaguzi ujao, na kwa nini kila mara iwe mdogo. Hawakukubaliana. Wamepanga kukutana tena Jumapili.

Nilimuuliza kama mlango ameufunga kwa ufunguo.